Barua ya wazi kwa walio Bungeni na wizarani: msingoje chanzo

Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Waziri wa Afya. Waziri wa Katiba na Sheria. Na Mwenyekiti wa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Waheshimiwa, mbukwenyi.

Ninawaandikia kutoka hapa Dodoma, mji mnaokuja kufanyia kazi na ambao sisi ndio kwetu. Nilifundisha Baiolojia sekondari hadi nilipostaafu. Nataka kuzungumza nanyi juu ya swali linalozuka kila watu wanapowajadili wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake: mtu huzaliwa hivyo, au hufanywa hivyo? Nimelisikia darasani, kwenye vikao vya walimu, msibani, hata kwenye daladala ya kwenda Mtumba asubuhi watumishi wanapowahi ofisini. Na kila linapoulizwa, huulizwa kana kwamba siku jibu likipatikana ugomvi wote utakwisha.

Wenye huruma hutumaini kwamba ipo siku wataalamu watathibitisha kuwa mtu huyu ameumbwa hivi, na majirani watamwacha apumue. Wenye hasira hutumaini kwamba chanzo kikionekana kitang'olewa na habari iishe. Watu hawa hawapatani kwa lolote, lakini wote wameiachia maabara iwaamulie. Waheshimiwa, maabara haitatuamulia. Imekwishajaribiwa ughaibuni, imejaribiwa kwa jirani zetu, na hapa kwetu imejaribiwa kwa jambo jingine kabisa, na watu wakafanya walichokuwa wamekusudia tangu mwanzo. Kama mnangoja sayansi iseme ndipo nanyi mseme neno la utu, mtangoja sana.

Nianze na kinachojulikana, maana nimewasikia viongozi wakijibu swali hili kwa kubahatisha. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, Michael Bailey na Richard Pillard, waliwachunguza wanaume wanaopenda wanaume ambao walikuwa na ndugu pacha. Kwa mapacha wa yai moja, wenye vinasaba vilevile, pacha wa pili naye alikuwa hivyo kwa asilimia 52. Kwa mapacha wasiofanana ilikuwa asilimia 22, na kwa ndugu wa kuasiliwa asilimia 11. Tafiti za baadaye, zilizowachukua mapacha kutoka kwenye rejista badala ya wale waliojitokeza wenyewe baada ya tangazo, zilipata asilimia ndogo zaidi. Darasani ningewauliza wanafunzi: hesabu hizi zinasema nini? Zinasema urithi una mchango, kwa kuwa idadi hupanda kadiri damu inavyokaribiana. Na zinasema urithi haumalizi kila kitu, kwa kuwa vinginevyo wenye vinasaba vilevile wangelingana wote.

Mwaka 1993 mtafiti wa Marekani, Dean Hamer, alitangaza kwamba ameona dalili kwenye kromosomu ya X, na magazeti ya dunia yakashangilia kana kwamba kinasaba chenyewe kimekamatwa. Wengine walipourudia utafiti ule, matokeo yaliyumba. Kisha mwaka 2019 likachapishwa jambo kubwa zaidi: uchambuzi wa vinasaba vya watu zaidi ya 470,000. Zilipatikana sehemu tano tu zenye uhusiano wa kuaminika, kila moja na mchango mdogo mno. Ukijumlisha tofauti zote za vinasaba, zinaeleza kati ya asilimia 8 na 25 ya tofauti iliyopo baina ya watu, na watafiti wenyewe walionya kwamba huwezi kuchukua damu ya mtu ukatabiri atampenda nani.

Lipo pia jambo la kaka. Ray Blanchard na Anthony Bogaert wa Kanada walionyesha kwamba kadiri mvulana anavyokuwa na kaka wengi waliomtangulia kwa mama yuleyule, uwezekano wa yeye kupenda wanaume huongezeka, takriban theluthi moja kwa kila kaka. Kaka wa kuasiliwa hawana athari hiyo, hata wakilala chumba kimoja. Kwa hiyo jambo lipo tumboni mwa mama, na mwaka 2018 Bogaert na wenzake waliripoti kwamba huenda linahusu kinga ya mwili wa mama dhidi ya protini ya ubongo wa mtoto wa kiume. Hata hivyo wengi mno wenye kaka watano wanapenda wanawake kama kawaida.

Jibu la mwalimu, basi, ni kwamba mambo mengi huchangia, baadhi yake kabla mtoto hajazaliwa, na hakuna hata moja linalotosha peke yake. Ushahidi kwamba mama alimdekeza, au baba hakuwepo nyumbani, au mtu aliambukizwa na mwenzake bwenini, haupo.

Linganisheni na mashoto. Karibu mtu mmoja kati ya kumi hutumia mkono wa kushoto, na hapo pia sayansi ina jibu la namna hiyohiyo: vinasaba kidogo, tumbo la mama kidogo, na sehemu kubwa haijaelezwa. Enzi zetu za shule ya msingi mwenye mashoto alichapwa viganja mpaka ahamishe kalamu. Leo anaandika kwa kushoto, na mwalimu humkalisha pembeni mwa dawati asigongane viwiko na mwenzake. Hakuna aliyetuletea chanzo. Walimu waliacha kuchapa, wazazi wakazoea.

Sasa niende kwa waliouliza swali hili rasmi, kwa muhuri wa serikali. Desemba 2013 Bunge la Uganda lilipitisha muswada dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Rais Museveni alisita kutia saini, akataka wanasayansi wa nchi yake wamwambie chanzo ni nini. Wataalamu walikaa, na Februari 2014 wakamjibu: haijapatikana kinasaba kimoja kinachosababisha, mazingira yana nafasi yake, na jambo lenyewe si ugonjwa. Rais alichukua lile la kinasaba, akaliacha lile la ugonjwa, na tarehe 24 mwezi huohuo akatia saini. Mahakama ya Katiba iliifuta sheria ile Agosti 2014 kwa sababu ya akidi ya wabunge kutotimia, na mwaka 2023 ikaja nyingine kali zaidi, yenye hata adhabu ya kifo. Ripoti ya wataalamu ilisomwa kama mtu anavyosoma barua ya kumkubalia alichokwisha kuamua.

Mtasema: labda ingesaidia kama wangekuta kweli kuna kinasaba. Ujerumani walipitia njia hiyo. Daktari Magnus Hirschfeld wa Berlin aliamini kwa moyo wote kwamba watu hawa huzaliwa hivyo, na kwamba sayansi ndiyo itakayowaletea haki. Mwaka 1897 alianzisha kamati, akakusanya maelfu ya saini za watu wenye majina makubwa ili kifungu cha 175 cha sheria ya nchi ile, kilichowaadhibu wanaume wanaopenda wanaume, kifutwe. Mwaka 1919 akafungua taasisi yake ya utafiti. Mei 1933 vijana wa Hitler waliivamia, na vitabu vyake vikachomwa moto hadharani siku chache baadaye. Na wazo lake kwamba jambo hili limo mwilini halikutupwa. Lilichukuliwa na wengine: mwaka 1944, katika kambi ya Buchenwald, daktari Carl Værnet aliwapasua wafungwa na kuwapandikizia homoni ili wabadilike. Aliyesema ni maumbile alitaka waachwe kwa amani, na aliyemfuata akaona kwamba kama ni maumbile, basi yanaweza kutengenezwa kwa kisu.

Uingereza, ambayo vita vile ilivishinda, haikufanya tofauti sana. Alan Turing, mtaalamu wa hesabu aliyesaidia kuvunja siri za mawasiliano ya Wajerumani, alihukumiwa mwaka 1952 kwa kuwa na uhusiano na mwanaume. Alipewa achague jela au kutiwa homoni, akachagua homoni. Alifariki mwaka 1954. Msamaha wa Malkia ulikuja mwaka 2013. Na ni Uingereza hiyohiyo iliyotuachia Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, ambayo kifungu chake cha 154 mpaka leo kinaadhibu tendo hili, na tangu mwaka 1998 adhabu yake ni kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 30.

Lakini sihitaji kwenda Ulaya. Mfano wenye uzito zaidi kwangu uko hapa nyumbani.

Hakuna jambo la urithi ambalo Watanzania wamefundishwa vizuri kama ualbino. Nimelifundisha mwenyewe. Kinasaba kinajulikana, namna kinavyorithiwa inajulikana: baba na mama wote wawili wamekibeba bila kujua, na kila mtoto wao ana uwezekano wa robo. Mwanafunzi anachora mraba wake ubaoni, anaweka herufi kubwa na ndogo, anapata alama zote. Kisha mchana, njiani kwenda Majengo, anapishana na mtu mwenye ualbino na anatemea mate kifuani mwake asije akazaa wa hivyo. Nimeliona hili kwa macho yangu, kwa watoto waliofaulu. Wapo akina baba waliowakimbia wake zao wodini huku mchoro ule uko kwenye daftari lao la zamani. Na yale mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotuaibisha duniani kuanzia mwaka 2007 hivi yalifanywa katika nchi ambayo chanzo cha ualbino kilikuwa kwenye muhtasari wa masomo.

Kilichobadilisha mambo, kwa kiasi yalivyobadilika, kilitoka kwenu. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa na machozi ndani ya Bunge, hapa Dodoma, akizungumzia mauaji yale. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Bar'wani, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni. Kesi zilifika mahakamani na hukumu zikatolewa. Mtoto aliyekuwa akifichwa ndani akamwona mtu kama yeye kwenye taarifa ya habari akisimama kuuliza swali la nyongeza. Kazi haijaisha, tunajua mtoto mwenye ualbino alivyouawa Kagera mwaka 2024. Ila pale mlipoamua kusema, watu walisikia, na mchoro wangu wa ubaoni haukuwahi kupata hata robo ya nguvu hiyo.

Nirudi kwenye hawa ninaowaandikia. Katika nchi yetu, chanzo kimekuwa fimbo ya kuchagua. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha walimu juu ya mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye tetesi zilikuwa zimemzunguka. Mmoja wetu alisema ni kwa sababu analelewa na mama peke yake. Mwingine akasema ni bweni. Mwingine akasema ni pepo, wa nne akasema ni simu na mambo ya Wazungu, wa tano akashauri apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Kila mmoja alikuwa na chanzo chake, na vyanzo vile vilipingana kabisa: pepo na simu haviwezi kuwa sahihi kwa pamoja. Lakini angalieni walivyoishia. Wote walikubaliana aondoke. Nilipinga, nikazidiwa. Hakuna aliyesema mtoto yule alimgusa nani, au alivunja kanuni ipi, au jioni ile angelala wapi. Aliambiwa arudi nyumbani hadi atakapoitwa, na hakuitwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uamuzi hutangulia na chanzo hutafutwa baadaye kuuvisha nguo. Tukisema amezaliwa hivyo, watasema ukoo ule una mkosi, na dada zake hawataposwa. Tukisema ni malezi, mama atalaumiwa, na hasa yule aliyeachwa na mume akahangaika na vibarua vya mashamba ya zabibu kumsomesha. Tukisema ni ugonjwa, atafungiwa kwenye maombi ya kufunga bila kula, au atatafutiwa dawa. Wakati huohuo wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani waliliondoa jambo hili kwenye orodha yao ya maradhi mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo tarehe 17 Mei 1990. Mirembe imekuwa ikiwahudumia wagonjwa tangu mwaka 1927, na ina wagonjwa wa kweli wa kutosha bila kuongezewa vijana wasioumwa.

Nilizungumza na mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu. Nilimweleza habari za mapacha na za kaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu, "Mwalimu, hata mwenye hasira amezaliwa nayo. Ataulizwa alivyoitumia." Sikukubaliana naye kuhusu hukumu, lakini kwa hoja alikuwa sahihi, na nawaomba mlizingatie hilo. Kuzaliwa nalo jambo hakulifanyi kuwa jema wala baya. Ugonjwa wa selimundu (sickle cell) ni wa kuzaliwa nao, na hatuupendi. Ukarimu watu hufundishwa, na tunausifu. Mzee yule angepewa leo ushahidi usiotikisika wa kinasaba, asingebadili hata neno moja la mahubiri yake, na hapaswi kulazimishwa kubadili. Mahubiri ni yake. Polisi, hospitali na shule ni za wote.

Mfikirie dini yenyewe. Hakuna anayezaliwa na kinasaba cha Uanglikana au cha Uislamu. Mtu anaweza kuchagua, anaweza kuhama, na Ibara ya 19 ya Katiba yetu inamlinda anapobaki na inamlinda anapobadili. Hatukudai kwanza athibitishe kwamba hakuwa na hiari. Ibara ya 12 inasema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, na kwamba kila mtu anastahili kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Ibara ya 16 inalinda maisha binafsi na maskani ya mtu. Hakuna hata moja kati ya ibara hizi inayouliza chanzo.

Kuna kundi moja linaloumizwa na swali la chanzo kuliko wote, na hamlisikii likisema kwa sababu ni watoto. Imani iliyoenea zaidi huku kwetu ni kwamba mwanaume huwa hivyo kwa kuwa "aliharibiwa" utotoni. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na takriban mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Mmoja kati ya saba, waheshimiwa. Katika darasa la wavulana 40 hao ni watano au sita. Sasa mvulana huyo akimwambia mama yake alichofanyiwa na mjomba, au na dereva wa bodaboda anayempeleka shule, mama anawaza nini kwanza? Anawaza kwamba mtaa ukijua, mwanawe amekwisha, ataitwa jina lile maisha yake yote. Kwa hiyo wanakaa kimya. Hawaendi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hawachukui fomu ya PF3, hawafiki kituo cha Mkono kwa Mkono kinachowahudumia waliofanyiwa ukatili ndani ya saa 72 ambazo dawa za kuzuia VVU zingemsaidia. Mhalifu anaendelea na mtoto wa nyumba inayofuata. Wengi mno kati ya wavulana hawa hukua na kuoa kama wenzao. Kilichowapata ni uhalifu na hakiwapangii watampenda nani. Lakini tumeshikilia nadharia ya chanzo ambayo inamlipa mbakaji kwa kumnyamazisha mtoto.

Na sheria inachangia. Kifungu kilekile cha 154 kinachotumika dhidi ya mtu aliyemlawiti mtoto wa darasa la pili ndicho kinachotumika dhidi ya watu wazima wawili waliokubaliana ndani ya nyumba yao. Tumeyaweka mambo haya mawili kwenye chungu kimoja, na mwananchi wa kawaida ameelewa kwamba ni jambo moja. Kila mtoto anapolawitiwa, hasira ya haki kabisa ya wazazi inamwangukia fundi cherehani wa mtaa wa pili ambaye hajamgusa mtoto wa mtu.

Nguvu ya midomo yenu mnaijua. Oktoba 2018 mkuu mmoja wa mkoa alitangaza kuunda kikosi cha kuwasaka watu hawa na akawataka wananchi wamtumie majina. Alisema mwenyewe kwamba alipokea maelfu ya ujumbe. Hakuna aliyetuma jina baada ya kusoma utafiti wa vinasaba. Walituma kwa sababu kiongozi aliomba. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa tamko kwamba hayo ni maoni yake binafsi na si msimamo wa serikali. Tamko lile halikutaja sayansi, lakini watu waliokuwa wamejificha waliweza kulala. Nawaomba mjifunze kutoka kwenye tukio lile. Na mtazame ng'ambo ya Ruvuma: Msumbiji iliandika upya kanuni yake ya adhabu, iliyoanza kutumika mwaka 2015, ikaacha nje kifungu kilichorithiwa kutoka kwa Wareno. Hakuna kinasaba kilichogunduliwa Maputo mwaka ule. Familia hazikuvunjika, ndoa za wanaume na wanawake zinaendelea kufungwa, na Wamakonde wa pande zote mbili za mto bado wanazikana na kuozana.

Sijasahau kwamba nawaandikia watu wanaotafuta kura. Najua mbunge akisimama na kusema jambo hili waziwazi, jioni yake simu itawaka moto jimboni. Kwa hiyo sitawaomba mseme mnakubaliana na mapenzi ya jinsia moja. Nawaomba mambo ambayo hata asiyekubaliana nayo anaweza kuyatetea mbele ya wapiga kura wa Bahi na Chemba.

Waziri wa Katiba na Sheria, iombe Tume ya Kurekebisha Sheria ikitazame kifungu cha 154 na kuutenga ukatili dhidi ya mtoto pamoja na ule wa kulazimishwa, usimame peke yake kwa jina lake, ili atakayesimama mahakamani kwa kosa hilo asipate pa kujificha. Mjadala juu ya watu wazima uendelee pembeni, kwa muda wake.

Tume ya Haki za Binadamu, ofisi zenu ziko hapa mjini. Pokeeni malalamiko ya wanafunzi wanaofukuzwa kwa tetesi. Wapo, na hawaji kwa sababu wanadhani mlango umefungwa. Semeni tu hadharani kwamba mtapokea.

Waheshimiwa wabunge, mnapochangia, achaneni na habari ya "tuwatafute". Mtoto wa kidato cha tatu anawasikiliza, na wanafunzi wenzake pia.

Waziri wa Afya, kwako nina mawili. Februari 2017 wizara ilisimamisha huduma za VVU zilizokuwa zikitolewa kwa kundi hili kwenye vituo vya mashirika binafsi. Virusi havijali chanzo. Baadhi ya wanaume hawa wameoa kwa kusukumwa na ukoo, na kila mmoja wao anayeogopa kupima anarudi nyumbani kwa mke. Wape wahudumu wa vituo vya umma maelekezo ya wazi kwamba anayekuja kupima apimwe, apewe dawa, na siri yake itunzwe kama ya mgonjwa mwingine yeyote, bila kuitiwa polisi.

La pili ni vipimo vya kulazimishwa vya njia ya haja kubwa, ambavyo vimeripotiwa kufanywa hapa nchini kwa watu waliokamatwa. Msingi wake ni maandishi ya daktari Mfaransa, Auguste Ambroise Tardieu, ya mwaka 1857, aliyedai kwamba mwili wa mtu huonyesha alama za tendo hili. Ni madai yasiyo na ushahidi. Chama cha Madaktari Duniani kiliwataka madaktari waache kuvifanya mwaka 2017. Kuvizuia hakuhitaji Bunge, wala kura, wala jibu la kuzaliwa au kufanywa. Kunahitaji waraka wa ukurasa mmoja kwa waganga wakuu wa mikoa, na unaweza kuusaini kabla ya kikao kijacho cha bajeti.

Wenu katika kulijenga taifa,

Mwalimu mstaafu wa Baiolojia,
Dodoma